Mguu Wangu Haukunywa Pombe Ile

Niliwaacha mlangoni mwa mahakama, nimeegemea gongo, mama yuko nyuma yangu kajitanda kitenge hadi machoni, na Mwenyekiti Dionis anashuka kwenye baiskeli huku anacheka na kila mtu. Baadhi yenu mmeuliza alikuwa anacheka nini. Leo mtajua.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au muuza duka alishalifungia sukari kabla hujalisoma, kisa ni hiki.

Mimi ni Epifania. Mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya, siku ya gulio, nilikuwa nimejitwika kikapu cha maharage. Mwenyekiti wa kijiji akawa anakuja mbele yangu. Sisi wasichana wa huku mkubwa hatumpiti hivi hivi. Unatoka njiani, unainama, unakutanisha viganja, unasubiri aitikie. Nikatoka njiani. Nikakanyaga majani ya migomba. Chini ya majani palikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo la kuivishia ndizi za pombe. Kila nyumba yenye migomba inalo, lakini watu hulichimba nyuma ya nyumba, ndani ya shamba, ambako mgeni hapiti. Hili la kilabu cha kijiji lilichimbwa pembeni mwa uwanja wa gulio, ili wasihangaike kubeba ndizi mbali. Shimo lenye ndizi ukilikanyaga unazama kifundo tu. Hili ndizi zilikuwa zimekwisha kutolewa, kisha majani yakarudishwa juu, yakapangwa vizuri na kunyunyiziwa udongo. Ungeapa ni ardhi.

Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Lori la mahindi likaniokota likanipeleka hospitali ya Kibondo, maana huko ndiko lilikokuwa linaelekea. Nikiwa bado kitandani, baba mdogo Kipriani, mdogo wa marehemu baba, akaja kunitoa kabla ya wakati, akidai nyumbani mikono haitoshi. Mganga alimkataza. Hakusikia. Mfupa ukaunga upande.

Niliporudi kuonyesha, mganga yule hakunizunguka. Alisema hospitali kubwa ya Kigoma mjini wanaweza kuuvunja upya na kuunyoosha, ila niende upesi, mfupa ukiwa bado mchanga. Nikichelewa, huu ndio mguu wangu mpaka kaburini.

Kijiji kina lori. Nikaomba vitu viwili tu: lori linifikishe Kigoma na kunirudisha, na watu wa kijiji watulimie shamba mimi na mama mpaka nisimame. Mwenyekiti akajibu kwamba kijiji hakiwezi kumfidia kila asiyetazama anapokanyaga.

Hapo ndipo nilipokwenda mahakamani. Mimi, ambaye hata dukani huwa nasubiri wengine wote wahudumiwe ndipo nitaje ninachotaka.

Sasa tuingie ndani.

Hakimu alikuwa Bwana Tamimu, mtu wa Tanga, mwembamba, koti limemzidi mabega. Kiswahili chake kilikuwa laini, na Kiha hakujua hata salamu. Kulia kwake alikaa mzee wa baraza, Mzee Venanti, na kushoto mzee wa baraza mwenzake ambaye alikuwa mwanamke, Bi Asia, muuza vitenge aliyezaliwa Ujiji. Benchi zilijaa watu wa kijiji chetu. Siku ya kulima shamba la kijiji huwa hawatimii hivyo.

Nikaapishwa. Nikaanza kueleza. Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii, nami kadiri walivyolalamika ndivyo sauti ilivyozidi kuingia tumboni.

"Binti," hakimu akasema, "zungumza na mimi. Usizungumze na gongo lako."

Watu wakacheka. Nikainua uso nikasema yote, tangu kikapu hadi kitanda cha Kibondo. Nilipofika kwenye lori na shamba, sauti ya mwanamume ikasema nyuma kwamba siku hizi mkimbizi anakanyaga majani na kutaka alimiwe.

Mimi na mama tulivuka mto Maragarasi mwaka wa vita, na baba mdogo akiwa nasi. Baba alibaki kule, chini ya udongo. Neno hilo nimelisikia gulioni, kisimani, hata kanisani. Siku zote huwa naangalia chini. Siku ile niligeuka nikamtazama aliyelisema, nikaendelea kumtazama mpaka akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Zamu ya Mwenyekiti ikafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Nilijua atakana shimo, atasema si la kilabu, atasema nilikuwa nakimbia.

Hakukana kitu.

Alisimama, akavua kofia, akaongea kama mtu anayetoa pole msibani. Alisema shimo ni la kilabu cha kijiji. Alisema nimeumia, na kwamba hata yeye roho ilimuuma alipoona mtoto wa watu anatolewa mle. Kisha akanigeukia akatabasamu, na nikaanza kuogopa.

"Ila mheshimiwa, sisi ni watu wenye mila. Hatukukaa kimya. Tulikwenda nyumbani kwao na mtungi, na ulinyweka hadi tone la mwisho. Mambo haya yalikwisha zikwa. Binti huyu anafukua kaburi."

Benchi zikanguruma kumkubali. Hakimu akauliza mtungi huo ni nini, na una uhusiano gani na mfupa. Mzee Venanti akajinyoosha kwenye kiti. Hakuna kitu alichopenda kama kuulizwa mila.

Alieleza kwamba mtu akimuumiza mwenzake bila kukusudia, watu wake hupika pombe na kuipeleka kwa upande ulioumia. Mtungi unawekwa katikati. Mirija inatumbukizwa, wote wanakunywa pamoja, huyu na yule. Ukimalizika, neno limekwisha. Atakayelitaja tena ndiye mwenye ugomvi.

Hakimu akakwaruza kidevu. Alisema kama ndivyo, haoni kesi iko wapi.

Akaitwa baba mdogo Kipriani. Sikuwa nimemwona. Alikuwa amekaa upande wa Mwenyekiti, shati jipya, mikunjo ya duka bado inaonekana. Akathibitisha yote. Alisema mtungi ulipofika aliupokea yeye, kwa kuwa kaka yake amekufa na yeye ndiye baba yangu sasa. Alikunywa kwa niaba ya ukoo.

Nilihisi kama shimo limefunguka tena. Kumbe ndiyo maana alikuja mbio kunitoa hospitali. Alikuwa amekwisha kunywa fidia yangu, na mimi kuendelea kulala Kibondo kulikuwa kunamwonyesha mwongo.

Hakimu akaniuliza kama nina la kusema kabla hajafunga. Mama akanivuta nguo nikae. Bi Asia ndiye aliyenichelewesha kukaa. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei, mimi siku ya mtungi nilikuwa wapi.

Nikajibu nilikuwa Kibondo, mguu umefungwa vijiti.

"Kwa hiyo waliokunywa ni wazima," Bi Asia akasema, "aliyevunjika alikuwa na kiu yake hospitalini."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Na katika kicheko kile nikakumbuka kitu ambacho Mzee Venanti hakukisema. Nilikuwa nimekiona nikiwa mtoto, jirani yetu alipochomwa jicho na mti wa mwenzake wakati wa kuchanja kuni. Nikamwomba hakimu nimuulize shahidi swali. Akaniruhusu.

"Baba mdogo, mrija wa kwanza alipewa nani?"

Akaanza kunyoosha mikunjo ya shati lake.

Nikamgeukia hakimu nikamweleza. Kwetu mrija wa kwanza ni wa aliyeumia. Akiwa mtoto mchanga, utaguswa mdomoni mwake. Akiwa hawezi kukaa, mtungi utapelekwa kitandani kwake. Mpaka aonje yeye, hakuna anayeruhusiwa kuonja, na wakionja, hiyo ni pombe ya kawaida, watu wamekaa wanakunywa.

"Ukoo umekunywa," nikasema. "Mimi sikunywa. Mguu wangu haukunywa pombe ile."

Sikujua kwamba naweza kusema maneno mengi hivyo bila kupumzika.

Hakimu akamgeukia Mzee Venanti akamuuliza kama ninayosema ni kweli. Mzee akakohoa. Akasema ni kweli, lakini mila zina matawi mengi, huwezi kuyataja yote. Hakimu akamuuliza baba mdogo tena, sasa kwa ukali: mrija wa kwanza ulishikwa na nani.

Baba mdogo akaangalia dari. Akasema siku ile aliyeheshimiwa ni mgeni mkubwa kuliko wote waliokuwepo.

"Ana jina?"

"Anaitwa Mzee Venanti."

Mahakama ilipasuka. Karani aligonga meza, nani angemsikia. Mzee Venanti alikuwa anajikuna sikio kama lina mdudu. Hakimu akamuuliza, taratibu sana, kama alikunywa pombe ya kesi ambayo sasa ameketi kuiamua.

"Nilionja," akasema mzee.

Baba mdogo, ambaye sasa alikuwa amechukia kuachwa peke yake, akaongeza kwamba alionja mpaka ikabidi wamshikie kofia.

Hakimu akamwomba Mzee Venanti ashuke akakae na watu wengine. Kisha akatangaza kwamba mtungi ule hauhesabiki, kwa kuwa mwenye jeraha hakushirikishwa. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamgeukia mama. Mama hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge anaizungusha kidoleni.

Furaha yangu nayo haikudumu. Hakimu akasema hawezi kuendelea na mzee mmoja wa baraza, sheria inataka wawili. Mwenyekiti akasimama upesi. Alisema anakubaliana kabisa, haki isiharakishwe, na akaomba kesi isogezwe mpaka baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi.

Mnaona mtu alivyo. Alikuwa ameshindwa kwa mtungi, sasa anataka kunishinda kwa kalenda. Mpaka mavuno mfupa ungekuwa umekomaa kama mti wa mtundu, ule mgumu unaokataa shoka, na hapo hata wangenipa malori yote ya mkoa yasingenisaidia.

Nikasema bila kuombwa: "Mheshimiwa, mfupa hausubiri mavuno."

Hakimu akafungua upya daftari lake. Akaniambia safari nyingine nisubiri kuruhusiwa. Kisha akamtuma karani kwa fundi cherehani Bazilio, ambaye pia huitwa kuwa mzee wa baraza, na anakaa karibu na kanisa. Akasema tutaendelea siku hiyo hiyo, Bazilio akifika.

Tukatoka nje kusubiri. Mvua ilikuwa imeanza ile ya huku kwetu milimani, nyembamba na ya baridi, isiyo na haraka ya kwisha. Watu wakajibanza ukutani. Mimi na mama tulikaa kwenye kipande cha gogo chini ya upenu. Mama akafungua viazi alivyovifunga kwenye jani, hakula.

Baba mdogo akaja. Alinisalimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Alisema ametumwa na Mwenyekiti, na kwamba niliyoyataka nimeyapata: lori litanipeleka Kigoma wiki hii hii. Ninachotakiwa ni kurudi mle ndani, nimwambie hakimu kwamba nimefikiri vizuri, nilijikwaa mwenyewe kwa uzembe wangu, na kijiji hakina kosa.

"Na shamba?" nikauliza.

"Shamba mama yako ana mikono."

Nisiwadanganye, nilitamani. Nilijiona nimelala kwenye lori, mguu umenyooshwa, nakwenda. Mtu aliyewahi kuamka asubuhi akakuta mguu wake unaelekea pembeni na yeye anaelekea mbele atanielewa. Uzembe ni neno tu, lingenitoka mdomoni na kwisha. Lakini nilishawajua watu hawa. Nikishasema nilijikwaa mwenyewe, lori litaharibika siku hiyo hiyo, na nitakuwa sina pa kwenda kulalamika.

Nikamwambia baba mdogo amrudishie Mwenyekiti jibu: maneno hayo ayaseme mle ndani mbele ya hakimu, nami nitayajibu mle ndani.

Baba mdogo akaguna. "Umeanza lini kuwa na mdomo, Epifania?"

"Tangu uliponinywea yangu."

Akaondoka. Nilidhani mama atanisifu, angalau kwa macho. Badala yake aliushika mkono wangu kwa nguvu.

"Mwana wanje, kubali," akanibembeleza kwa lugha yetu. "Lori ni lori. Kubali, twende nyumbani."

Nikamwambia tumekwisha shinda nusu. Akatikisa kichwa. Alinisihi tena na tena, akanitajia safari tuliyovuka mto, akanitajia baba, mpaka nikashangaa. Mama yangu si mwoga. Alivuka Maragarasi kwenye mtumbwi unaovuja, mimi mgongoni na chungu kichwani. Sasa anaogopa kitu gani kwenye chumba chenye meza na madaftari? Nilimuuliza. Akasema ana baridi.

Tukaitwa ndani.

Bazilio alikuwa amefika, nyuzi bado zimemnasa kwenye mikono ya shati, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Hakimu akamweleza kesi kwa ufupi. Kisha akasema, mtungi umeondoka, sasa limebaki shimo. Mwenyekiti amekubali ni la kilabu. Anachotaka kujua ni nani aliyeacha shimo tupu limefunikwa kana kwamba ni njia.

Mwenyekiti akainuka. Tabasamu lile la asubuhi lilikuwa limerudi, na sasa nikaelewa kwamba mtungi haukuwa silaha yake kubwa. Kubwa alikuwa ameiweka akiba, nayo ni hii.

"Kamati haifuniki mashimo, mheshimiwa. Kamati inaamua. Kazi za mikono zina watu wake. Aulizwe anayekamua ndizi za kilabu, ambaye siku ile alizitoa mwenyewe. Yupo. Ni yule kajitanda pale."

Kila kichwa kikageuka kwa mama.

Kwamba mama anakamua ndizi za kilabu, hiyo si siri. Ndiyo kazi tuliyopewa tulipopokelewa kijijini, na machicha ya ndizi zile yamelisha kuku wetu. Lakini siku zote nilijua kwamba vijana wa kilabu ndio wanaozitoa shimoni na kumletea. Hakuwahi kuniambia kwamba siku ile alikuwa pale uwanjani. Hakuwahi kuniambia chochote kuhusu siku ile.

Hakimu akamwita mbele. Mama akaenda, akaapa kwa kushika Biblia kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Hakimu akamtahadharisha kwa upole. Alisema akijibu kwamba alifunika kwa akili yake mwenyewe, basi lawama ni yake na kijiji hakihusiki. Akijibu kwamba aliagizwa, lazima amtaje aliyemwagiza, hapa, mbele yake. Afikiri kwanza.

Ndipo Mwenyekiti akasema kitu. Alikisema kwa Kiha, polepole, akiwa anapangusa kofia yake kwa kiganja, kama mtu anayemtakia mama utulivu na heri. Hakimu hakuelewa. Aliandika tu, akisubiri.

Mimi nilielewa.

Nikajikongoja hadi katikati ya chumba. Safari hii nilikumbuka kunyoosha mkono, na hakimu alipoinua kalamu nikasema, kwa sauti ambayo hata wa nyuma kabisa hawakulalamika:

"Mheshimiwa, amemwambia mama akumbuke shamba analolima ni la nani, na ng'ambo ya mto bado ipo."

Mwenyekiti akacheka kidogo. Alisema binti amechanganyikiwa kwa maumivu, yeye amemwambia mama awe na nguvu. Hakimu akamuuliza Bazilio alichosikia. Bazilio akaishika futi yake, akaizungusha kidoleni, akasema wakati ule alikuwa anafikiria jambo jingine. Nilimwonea huruma na kumdharau kwa pamoja. Naye ana shamba kijijini.

"Mimi nilikuwa sifikirii kitu," akasema Bi Asia. "Nimeuza vitenge kwa Waha tangu sijaota mvi, na hakuna Mha aliyewahi kunitukana nisielewe. Binti amesema neno kwa neno. Sehemu ya mto ameipunguza makali."

Hakimu alimkazia macho Mwenyekiti mpaka kofia ikaacha kupanguswa. Akamwambia akifungua kinywa tena kwa lugha yoyote, hata ya ndege, atalala rumande. Mwenyekiti akakaa.

Hakimu akamrudia mama. "Mama, nani alifunika shimo?"

Mama akateremsha kitenge kutoka kichwani. Mvi zake zikaonekana. Sikuwa nimewahi kuziona mbele za watu.

"Nilifunika mimi," akasema.

Alisema kwa Kiswahili, sauti kavu. Nyuma mtu akavuta pumzi. Mwenyekiti akaegemea ukuta, akakunja miguu. Baba mdogo akaanza kutafuta fimbo yake chini ya benchi, tayari kwenda nyumbani.

Hakimu akaweka kalamu chini. Alionekana amechoka. Aliniambia nimesikia mwenyewe, shahidi ameapa, na sote tunajua yeye ni nani kwangu. Akaniuliza kama nataka kuendelea na madai dhidi ya mama yangu mzazi, au afunge.

Na ninyi sasa mnaniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri jioni zetu. Kila jioni tangu niliporudi kutoka Kibondo mama huuweka mguu wangu mapajani, anaukanda kwa mafuta ya mawese, anakanda mpaka vidole vyake vinachoka, na hajawahi hata mara moja kuinua macho akaniangalia. Nilidhani ni huruma.

Ningeweza kusema afunge. Kila mtu mle alikuwa ananingoja niseme hivyo, na mama zaidi ya wote. Tungerudi nyumbani, tungepika, shamba lingekuwa letu, na mguu ungekomaa ulivyo. Na Mwenyekiti angepita njiani, nami ningetoka pembeni, niiname kwa mguu huo huo, nikutanishe viganja, nisubiri aitikie.

Nikasema sifungi. Nikaomba swali moja kwa shahidi.

Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja akasema nina laana. Hakimu akawanyamazisha, akanipa ruhusa kwa kichwa.

Nikasogea hadi karibu na mama, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Gongo nililiegemeza kwenye meza ya karani, nikasimama kwa miguu yangu, mmoja mzima na mmoja mbovu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, ili hakimu asikie, swali ambalo sikuwa nimemuuliza nyumbani siku zote zile.

"Mama, nimekubali ulifunika wewe. Nani alikwambia ufunike?"

Mama hakunitazama usoni. Aliutazama mguu, ulipopindia, hadi kidole cha mwisho. Midomo ikafunguka, na kabla neno halijatoka, Mwenyekiti Dionis alikuwa amekwisha simama.